Kufuli lililopasuliwa tumbo: shajara ya kazi, Moshi

Jumapili, 1 Juni

Mama anayeuza ndizi Mbuyuni alirudi jana kwa mara ya tatu, na ufunguo uleule. "Fundi, unaingia vizuri kabisa, ila haugeuki." Nilikuwa nimeshaupiga tupa mara mbili. Nikamweleza kwamba ndani ya kufuli kuna pini, kwamba meno ya ufunguo yanazinyanyua, kwamba moja ikizidi au kupungua hata kidogo tu basi silinda haizunguki. Alinitazama kama mtu anayesomewa majina ya dawa hospitali. Nikachukua kipande cha boksi nikamchorea. Akaangalia mchoro kwa heshima zote, kisha akasema, "Sawa baba, lakini si unaingia?"

Huu ni mwaka wa 11 nachonga funguo na kila wiki nachora mchoro uleule juu ya boksi. Nimechoka kuchora. Nitachukua kufuli zima nilikate upande mmoja, ili mtu aone kwa macho yake pini zinavyopanda na kushuka ufunguo unapoingia. Na lazima liendelee kufunga na kufunguka kama kawaida. Kulikata tu mpaka matumbo yaonekane, mtu yeyote mwenye grenda anaweza. Likishakatwa bado lifanye kazi, hapo ndipo pana jasho.

Nimejiwekea sharti la mkono: jiliwa, msumeno wa chuma, tupa, msasa. Drili ya kutobolea tu. Grenda nimeiweka chini ya meza, haina adabu kwenye kazi ya milimita.

Jumanne, 3 Juni

Nina ndoo ya rangi iliyojaa makufuli marehemu: yaliyokatwa, yaliyojaa mchanga, yaliyofiwa na funguo. Nikachagua kubwa kuliko yote, la njano, zito, lenye maandishi ya kujisifu. Nikalibana kwenye jiliwa nikaanza. Kabla hata mkono haujapata moto, unjano ukaisha. Chini yake kijivu. Chuma cha kusubu kilichopakwa rangi!

Sumaku ya spika mbovu ikaling'ang'ania kama kupe. Brasi ni shaba iliyochanganywa na zinki, na sumaku haina habari nayo kabisa. Ni jaribio la sekunde 2, ningelifanya kabla ya kubana. Lililoniuma zaidi ni kwamba makufuli ya namna hii nimeshawauzia watu nikiapa ni brasi, maana aliyeniuzia mimi naye aliapa.

Kwa kazi hii chuma hakifai. Kina punje, kinashika kutu, na ukishakifungua ndani ni giza tupu. Brasi inaitika tupa, na ukiisugua inang'aa mpaka vishimo vya ndani vinapata mwanga.

Nimenunua jipya la milimita 50, pini 5, shilingi 9,000 baada ya kubishana. Muuzaji ameniuliza kwa nini naingia dukani na sumaku mkononi kama mnunuzi wa vyuma chakavu. Imeteleza. Nimelipa.

Ijumaa, 6 Juni

Kulifungua. Kufuli la namna hii halina skrubu inayoonekana, kwa hiyo wengi hudhani limesubiwa likiwa zima na mitambo yake ndani. Kumbe ni bonge la brasi lililotobolewa tu. Juu kuna matundu mawili ya miguu ya upinde, kile chuma kilichopinda. Chini kuna tundu nene la silinda, ile roli inayozunguka pamoja na ufunguo. Halafu ubavuni, upande mwembamba, wametoboa vishimo 5 kwa safu hadi vikakutana na silinda. Humo hutumbukizwa pini na springi, kila kishimo kikazibwa kwa kizibo cha brasi, kisha ubavu mzima ukasuguliwa hadi vizibo vikapotea. Cha 6, karibu na upinde, ni cha ulimi, kile kipande kinachoingia kwenye pengo la mguu wa upinde na kuushika.

Nilisugua ubavu kwa msasa namba 600, nikauinamisha kwenye mwanga wa dirisha. Vikajitokeza, duara sita hafifu kama alama za chanjo begani.

Biti ya milimita 2.5, pole pole, kizibo cha kwanza. Springi ikaruka. Nilijua itaruka, kitambaa nilikuwa nacho mkononi, na bado ikaruka. Nusu saa nzima nimetambaa sakafuni na sumaku kabla sijakumbuka kwamba springi hizi zina rangi ya shaba na sumaku ingepita juu yake mpaka Krismasi. Haijaonekana. Zilizobaki nilizitoa mikono ikiwa chini ya kipande cha chandarua: unaona unachofanya, na kinachoruka hakifiki mbali.

Pini nimezipanga kwenye trei ya mayai, namba 1 ikiwa ya karibu na tundu la ufunguo, hadi 5. Kila kishimo kina pini mbili zilizopandana. Ya chini ndiyo inayogusa ufunguo. Ya juu inasukumwa na springi. Za juu zote zinalingana urefu. Za chini hazilingani, na kutolingana kwake ndiyo siri yote ya kufuli: penye jino fupi pini ni ndefu, penye jino refu pini ni fupi, ili ufunguo sahihi ukiingia, vichwa vya pini zote tano za chini viishie pale hasa silinda inapoishia na bonge linapoanzia. Mstari huo nitauita mpaka. Pini yoyote ikiukalia mpaka, silinda haizunguki.

Badala ya springi iliyopotea nimetoa ile iliyo chini ya jiwe la kiberiti cha gesi na kukata kipande. Inaingia sawasawa, ila ni ngumu kidogo.

Kabla ya kurudisha springi nilicheza mchezo mmoja. Nilitia pini bila springi yoyote, nikalilaza kufuli vishimo vikiwa juu ya silinda. Pini zikaanguka kwa uzito wake, likafunga kweli. Nikalipindua, pini zikatoka zenyewe na silinda ikazunguka kwa bisibisi. Wamisri wa kale walikuwa na komeo la mbao lenye vijiti vinavyoanguka hivyohivyo, kwa hiyo vilipaswa kukaa juu ya komeo siku zote. Springi ndiyo iliyoliruhusu kufuli kuning'inia vyovyote mlangoni.

Jumapili, 8 Juni

Baada ya ibada, hesabu. Vishimo vina kipenyo cha milimita 3, pini ni 2.9. Nikiondoa brasi hadi katikati ya vishimo, dirisha linakuwa la milimita 3 na pini zote zinadondoka mkononi. Nikiwahi mno kuacha, haonekani mtu. Nataka dirisha la milimita 2: jicho liingie, pini isitoke.

Hapa Pythagoras wa kidato cha pili amelipa ada yake. Nusu kipenyo cha kishimo ni 1.5, nusu ya dirisha ni 1. Mraba wa 1.5 ni 2.25, toa 1, inabaki 1.25, na kipeuo chake cha pili ni kama 1.1. Kwa hiyo niishie milimita 1.1 kabla ya katikati. Unene wa kufuli ni milimita 16, katikati ni 8, basi naondoa 6.9. Uzuri ni kwamba hesabu hiyohiyo inaiokoa silinda na miguu ya upinde: navyo vinabaki vimekumbatiwa zaidi ya nusu, havitoki.

Silinda nimeirudisha ndani ikiwa na ufunguo, na mahali pa pini nimechomeka vijiti vya mishikaki vilivyochongwa ili isizunguke. Bonge na silinda vikatwe pamoja, uso mmoja. Nimepaka wino wa maka peni ubavuni, nikachora mstari kwa msumari uliochongoka, nikabana katikati ya vipande viwili vya ngozi ya kiatu ili jiliwa lisiache meno. Msumeno umekata gamba la milimita 6 kwa saa moja na dakika 20, nikipumzika mara nne. Gamba limetoka kama kipande cha mkate. Nimeliweka, litakuwa na kazi.

Zilizobaki ni za tupa. Kwa wenzangu: tupa ya brasi iwe mpya, haijaonja chuma. Ikishachoka kwenye brasi ndipo uihamishie kwenye chuma, ukianza kinyume inateleza tu. Na ipake chaki kwanza, la sivyo chenga za brasi zinajikita kwenye meno na kuchora mifereji.

Jumatano, 11 Juni

Saa 8 za tupa kwa jumla, jioni tatu. Kila baada ya dakika kumi naweka ukingo wa rula juu ya uso na kuangalia dhidi ya taa: mwanga ukipita chini ya rula, bado pana kilima. Mikono yangu ina tabia ya kula kingo na kuacha kitambi katikati. Mwishoni nimeishika tupa kwa kuilaza na kuivuta kama mtu anayekuna nazi kwa mikono miwili, kitambi kikaisha.

Kutoka kwenye lile gamba nimekata kifuniko chembamba cha ubavu, kikashikwa na skrubu 2. Sasa naweza kufungua vishimo bila kutoboa tena.

Nimerudisha pini, springi, ulimi, upinde. Nimeingiza ufunguo.

Sijui niandikeje. Miaka 11 najua kinachotokea humo, na sijawahi kukiona. Ncha ya ufunguo ilipogusa pini namba 1, ikapanda, ikashuka kwenye bonde, ikapanda tena, na ya pili ikaanza nayo, halafu ya tatu, zote zinarukaruka kama watu kwenye daladala barabara ya vumbi. Ufunguo ulipofika mwisho zikatulia. Vichwa vitano kwenye mstari mmoja.

Nikageuza. Ilizunguka, ulimi ukaanza kurudi nyuma, kisha ikasikika *tak*, na ikagoma. Haiendi mbele, hairudi nyuma, ufunguo hautoki. Nimefunga duka nikaenda kulala.

Alhamisi, 12 Juni

Nimeamka saa kumi usiku nikiwa na jibu, na aibu yake.

Silinda niliyoikata si duara tena. Upande wa mbele ni bapa, umepungua zaidi ya milimita 4. Nikigeuza ufunguo robo mzunguko kwenda kulia, ule ubapa unazunguka nao, na unakwenda kusimama wapi? Chini ya vishimo. Pini za juu, zenye springi migongoni, zinaona nafasi wazi mbele yake na kutumbukia. Zikishatumbukia zimekuwa makomeo matano.

Aibu ni kwamba hili nalijua. Kila fundi wa vitasa analijua: ukiigeuza silinda nusu mzunguko bila kitu cha kuzuia, pini za juu zinaweza kudondokea kwenye tundu la ufunguo na unabaki unatukana. Nimewahi kumwonya kijana wangu juu ya jambo hilohilo. Kisha mimi mwenyewe nikakata bonde kubwa kuliko tundu lolote la ufunguo, na kulipeleka kwenye pini kwa mkono wangu.

Nilifungua kifuniko, nikatoa springi chini ya chandarua, nikaligongagonga hadi pini zikarudi. Ufunguo umetoka. Lakini mwili wa kufuli hauna dawa. Nimekata uso usiofaa.

Jumamosi, 14 Juni

Kufuli la tatu, aina ileile, duka lilelile. Safari hii muuzaji amenikaribisha kwa "Karibu, mzee wa sumaku."

Kanuni, nimeiandika ukutani kwa chaki kabla ya kugusa msumeno: *Shika kufuli tundu la ufunguo likikutazama, na uso unaotaka kuukata uwe juu. Kama ufunguo wake hugeuka kulia, vishimo vya pini lazima viwe kushoto kwako.* Hapo ubapa ukizunguka unakwenda kulia, mbali na pini, na kinachokuja chini ya vishimo ni mgongo wa silinda ambao haujaguswa. Kila kufuli lina nyuso mbili na ni moja tu inayofaa. Nilikuwa na nafasi sawa kwa sawa na nikakosa.

Leo jirani yangu mshona viatu ametazama lile lililoharibika, akaweka sindano chini. "Mwanangu, hiki kitu utawafundisha wezi."

Nikamwambia, shikamoo yako naiheshimu babu, lakini mwizi wa hapa Moshi hana muda wa pini. Anakata upinde kwa msumeno au anang'oa tumbuu na misumari yake, kufuli linabaki zima limening'inia kwenye mbao. Nikamsimulia na habari ya London, mwaka 1851, wakati wa Maonyesho Makubwa. Kampuni ya Bramah ilikuwa imeweka kufuli dirishani kwa miongo mingi, na ahadi ya gini 200, pesa za Kiingereza za wakati ule, kwa atakayelifungua bila ufunguo. Mmarekani aitwaye A. C. Hobbs akalifungua. Ilimchukua kama saa 51, zilizogawanywa katika siku 16. Waingereza walifadhaika, wapo walioona bora mambo hayo yasisemwe hadharani.

Babu alifikiri kidogo. "Saa 51? Huyo si mwizi, huyo ni fundi." Akaokota sindano yake.

Jumapili, 22 Juni

Wiki nzima ya baridi na mawingu, mlima hatujauona tangu Jumatatu. Umeme umekatika jioni mbili, na kwa mara ya kwanza haikunihusu: tupa haina waya. Nimepiga kazi kwa taa ya simu iliyoning'inizwa kwenye msumari.

Safari hii imechukua saa 6. Springi zote tano zipo, ahsante chandarua.

Jambo jipya: kwenye lile lililoharibika pini za juu na za chini zote ni za njano, kwa hiyo mtu asiyejua haoni moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi. Kwanza nilijaribu rangi ya kucha ya binti yangu, nyekundu. Ilipendeza sana na pini zikakwama, maana nafasi iliyopo baina ya pini na kishimo ni sehemu ya kumi ya milimita na rangi imeila yote. Nikazisafisha kwa asetoni, binti akanidai chupa nzima.

Halafu nikachukua msumari. Nimeubana kwenye kichwa cha drili, drili nikaibana kwenye jiliwa, ukizunguka nauwekea tupa kwa wepesi, hadi kalipa ikasoma 2.9. Mashine ya kukerezea ya maskini. Nimekata vipande 5 vya urefu sawa, nikavilainisha kwa msasa. Sasa za chini ni njano, za juu nyeupe, na mpaka unaonekana hata kwa mtu aliyesimama nje ya meza. Ulainishaji ni unga wa penseli tu. Mafuta kwenye pini yanakusanya vumbi, na vumbi la Moshi wakati wa kiangazi si la kuchezea.

Nimegeuza ufunguo kwa macho yaliyofumbwa nusu. Umezunguka robo nzima. Kijiti cha mkia wa silinda kimeuvuta ulimi, ulimi umetoka kwenye pengo la mguu wa upinde, upinde umeruka juu. Nimefunga na kufungua labda mara 40. Mke wangu akaniita chakula mara tatu.

Jumamosi, 28 Juni

Kitu chenyewe bila ufunguo mbovu ni nusu ya somo. Nimechonga funguo mbili zaidi: mmoja jino la tatu limebaki juu kwa nusu milimita, mwingine jino hilohilo limezama kwa nusu milimita. Ukiweka wa kwanza, unaona kichwa cha njano cha namba 3 kimechungulia ng'ambo ya mpaka. Ukiweka wa pili, weupe wa pini ya juu umeshuka ndani ya silinda. Makosa mawili kinyume kabisa, na mkononi yanaleta hali ileile: unaingia, haugeuki. Mimi mwenyewe nimekaa nikitazama muda mrefu.

Ufunguo huu bapa tunaouchonga kila siku umetoka kwa Linus Yale mdogo wa Marekani, aliyesajili hataza zake mwaka 1861 na 1865. Baba yake, Linus Yale vilevile, alikuwa na lake la pini tangu 1848. Pini zimepangwa safu moja, kwa hiyo kipande chembamba cha chuma kinachoingia mfukoni kinatosha kuzinyanyua zote.

Kwa karatasi, pini 5 zenye urefu wa namna 6 kila moja zinaleta mipangilio 7,776. Kwa vitendo mingi haifai, kwa mfano jino lenye kina kirefu mno pembeni ya kilele halichongeki vizuri. Na kiwanda cha makufuli ya bei rahisi hakisumbuki kutumia yote. Mwaka juzi wateja wangu wawili wa mtaa mmoja, wasiojuana, walikutana mezani kwangu, na kwa utani mmoja akajaribu ufunguo wa mwenzake. Ukafungua. Walicheka wote, kisha wote wakanunua makufuli mapya, na si kwangu.

Jumatatu, 7 Julai

Saba Saba, duka limefungwa, nimeshinda kwenye msasa: namba 400, 600, 1000, 1500, kisha dawa ya meno kwenye kitambaa cha fulana. Brasi inatoka kama kioo. Kingo zote nimezivunja kidogo, kwa kuwa watoto watashika.

Na walishika. Watoto wa nyumba za jirani walikuja wanne, wakaondoka saa kumi na moja jioni. Nilikuwa nimejiandaa kueleza, sikuhitajika. Mmoja, wa darasa la nne hivi, alitia ufunguo wenye jino lililozama, akakunja uso, akasema, "Babu, hii ya katikati imeingia kwa wenzake." Nimeiba maelezo yake, nitayatumia.

Kasoro moja nimeiona: wakiugeuza ufunguo haraka, silinda inaumauma kidogo mwanzoni. Ukingo wa ubapa ni mkali na pini namba 5 inauparuza. Tupa ndogo, mipigo mitatu, imetulia. Lile lililoharibika nimelitundika pembeni yake. Watoto walilipenda zaidi, kwa sababu linakwama.

Alhamisi, 10 Julai

Mama wa ndizi amepita asubuhi. Sikusema neno. Nimempa kufuli na ufunguo sahihi. Akaingiza, akageuza, akatabasamu. Nikampa ule wenye jino lililozama. Akaingiza, akajaribu, ukagoma. Akaliinamia kufuli mpaka pua ikakaribia brasi.

"Hii nyeupe imeshuka."

"Ndiyo, mama."

"Kwa sababu hapa ufunguo umepungua."

"Ndiyo."

Akatoa ufunguo wake kwenye pochi, akauweka sambamba na wangu, akahamisha jicho kutoka huu kwenda huu. "Na huu wangu, uliokuwa ukiupiga tupa ukisema unaurekebisha, ulikuwa unaupunguza."

Nikakubali. Tupa huondoa, hairudishi. Na ufunguo aliokuwa ameniletea mwanzo ulikuwa nakala, sijui ya nakala gani, kila fundi ameongeza kosa lake dogo juu ya la mwenzake, nami nikamalizia. Nikamuuliza kama ule wa asili, uliokuja na kufuli kutoka dukani, bado upo.

Akafungua fundo kwenye pindo la khanga. Ulikuwa humo, mweusi kwa jasho, haujaisha hata jino moja. "Si hukuniuliza?"

Nimechonga mpya kutoka kwa huo, nikaupima kwa kalipa jino kwa jino, sikuchukua hela. Saa saba mchana amemtuma mtoto na kichane cha ndizi na ujumbe kwamba umegeuka.

Kilichobaki: ubao wa kulisimamishia, na mnyororo mfupi wa funguo tatu ili zisipotee. Kipande cha mninga nimeahidiwa na seremala wa Pasua, Jumamosi. Na kwenye meza nimebandika karatasi: *Njoo na ufunguo wa asili.*